Maelezo ya Mdudu Mmoja

Mwalimu wetu wa utunzi alitupa kazi iliyoonekana nyepesi. Chagua kitu kimoja, alisema, ukieleze kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, bila picha, hadi mtu ambaye hajawahi kukiona aweze kukitambua kikichanganywa na vingine vinavyofanana nacho. Maneno hayo ya mwisho, "vinavyofanana nacho", aliyapigia mstari ubaoni mara mbili. Wenzangu wengi walichagua Mlima Wati, soko la Arua, au bodaboda za hapa mjini. Mimi nilikuwa na mdudu ndani ya chupa ya vidonge.

Nilikuja naye kutoka Koboko baada ya likizo. Nyumbani kwetu chakula ni muhogo. Tunaumenya, tunauloweka, tunauanika juu ya mwamba mpaka ukauke na kuwa mweupe kama chaki, kisha unasagwa pamoja na mtama. Nyanya yangu huuhifadhi muhogo huo mkavu ndani ya magunia, akauuza kidogo kidogo kila shida inapobisha hodi. Msimu ule alikuwa na magunia matano, na nilijua bila kuambiwa kwamba mawili kati yake yalikuwa karo yangu.

Asubuhi moja alinituma nilitoe gunia moja nje. Nikaliinamia, nikalikumbatia kwa nguvu zangu zote, nikalinyanyua, na nusura niangukie mgongo kwa jinsi lilivyokuwa jepesi. Unga ukamwagika miguuni kwangu. Hakuna aliyekuwa amesaga. Vipande vya muhogo ndani ya gunia vilikuwa bado na umbo lao, lakini ukikishika kimoja kinabonyea kama ganda la yai. Tulifungua gunia la pili, nalo likawa hivyohivyo.

Nyanya hakulia wala hakulaani mtu. Alimwaga unga kwenye ungo, akapepeta, akaokota mdudu mmoja kwa ncha ya ukucha, akamsogeza karibu na jicho lake zima. Alimtazama muda mrefu. Kisha akasema kwa Kikakwa, "Huyu simjui."

Inafaa niwaeleze wasomaji kwamba kauli hiyo ilikuwa nzito. Nyanya anawajua wadudu. Anamjua yule wa maharagwe ambaye hutoka kwa kufungua kidirisha cha duara kwenye punje. Anamjua fukusi wa mahindi mwenye pua ndefu kama mkonga. Anajua usiku gani kumbikumbi wataruka na kutoka kichuguu kipi. Kwa hiyo aliposema hamjui, nilinyamaza. Akaongeza, "Hakuwepo kabla hatujakimbia."

Kwetu "kukimbia" ni kipimo cha wakati, kama wengine wanavyosema kabla ya uhuru. Maana yake ni mwaka 1980, baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, vita vilipofika West Nile na watu kuvuka mipaka kuingia Sudan na Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nyanya alivuka kwenda upande wa Yei akiwa na watoto wawili, sufuria moja na mbegu zilizofungwa kwenye kitambaa. Alirudi katikati ya miaka ya 1980.

Binamu yangu ndiye aliyetia moto kwenye majani makavu. "Kama Nyanya hamjui, basi hajulikani," alisema. "Mpeleke chuoni. Watampa jina lako." Nakiri kwamba kwa siku tatu nzima niliamini. Ndani ya teksi kutoka Koboko kuja Arua nilikuwa nimeishika ile chupa mkononi, na kila gari lilipopunguza mwendo niliitazama, kana kwamba yule mdudu angeweza kuomba kushuka njiani.

Maelezo yangu ya kwanza yalikuwa haya: "Ni mdudu mdogo, mweusi, mwenye miguu sita, anayekula muhogo." Yaliendelea kwa mistari mingine kumi juu ya uharibifu, njaa na umaskini, mistari ambayo nilidhani ni mizuri sana. Mwalimu aliirudisha karatasi ikiwa na wino mwekundu mahali pamoja tu, kwenye ile sentensi ya kwanza. "Siafu pia ana miguu sita," aliandika. "Kunguni pia ni mdogo. Na muhogo hata wewe unakula. Nimtambueje huyu wako?"

Darasa lilicheka, nami nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Kumbe nilikuwa nimembeba mdudu kutoka Koboko mpaka Arua bila kumtazama.

Mwenzangu mmoja anayesomea ualimu wa biolojia alinikopesha lenzi ya mkono. Nilimlaza mdudu, ambaye alikuwa amekwisha kufa, juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, nikaanza upya. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakuwa mweusi. Alikuwa kahawia iliyoiva, rangi ya chai ya rangi iliyochemshwa mno. Jambo la pili lilinitisha: hakuwa na kichwa. Nilidhani nimemvunja. Nikamgeuza kwa ncha ya sindano na ndipo nikakiona kichwa chake kimekunjwa chini, kimefichwa na kifua kilichokuja mbele kama kofia ya koti la mvua. Nikaandika, "Ukimtazama kutoka juu, hana kichwa." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza katika maisha yangu ya chuo kuwekewa alama ya vema bila masharti.

Baada ya hapo shida ikawa ya maneno. Vitabu vya biolojia katika maktaba yetu ni vya Kiingereza, na kila kiungo cha mdudu kina jina lenye asili ya Kilatini au Kigiriki. Kwa Kiswahili nilikuwa na mguu, bawa, kichwa, tumbo, na vile vipapasio viwili usoni. Nilikwenda kwa mwalimu nikamwuliza kama niyachukue majina yale, niyatie irabu mwishoni, nimalize kazi. Akaniambia nimpe msomaji kwanza kitu anachokijua, jina litamfuata nyuma. Sikupenda jibu lake. Lilimaanisha kazi zaidi.

Basi nikatafuta vitu ninavyovijua. Mwili wake ni mviringo na mrefu, kama kipande kifupi cha kalamu ya risasi. Urefu wake ni kama milimita nne. Nilimpima kwa rula, nikarudia mara tatu kwa sababu kila nikipumua alikuwa akisogea. Ile kofia ya kifua ina vijino vidogovidogo mbele, mithili ya kile kipande cha bati ambacho kina mama hukitoboa kwa misumari ili wakwangulie muhogo mbichi. Vipapasio vyake ni vifupi, na vinaishia kwa pingili tatu nene kama rungu. Mbawa zake za juu ni ngumu, zimefunika mgongo wote, na zimejaa vishimo vilivyojipanga.

Hapo nikakutana na neno ambalo nilikuwa nimelisoma bila kulisikia. Kamusi inamwita mdudu wa jamii hii mbawakawa. Kawa, kamusi hiyohiyo inaeleza, ni kifuniko cha chakula kinachosukwa kwa ukili. Sijawahi kufika pwani, na chakula chetu Koboko tunakifunika kwa ungo au sahani nyingine. Lakini tangu siku hiyo, nikilisikia neno mbawakawa naona mbawa zilizofunikwa kama wali wa mgeni. Wataalamu nao huliita kundi zima Koleoptera, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, koleos ambalo ni ala ya upanga, na pteron ambalo ni bawa. Wagiriki waliona ala, sisi tunasema kawa. Bawa laini la kurukia liko chini, limekunjwa, na lile gumu la juu ni kifuniko. Niliandika sentensi hiyo nikajisikia kana kwamba Kiswahili kimenifungulia mlango wa nyumba ambayo nilikuwa nikiipita tu nje.

Kabla sijaendelea, niseme jambo kuhusu lugha hii na nyumba yetu. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na siku hizi tunaambiwa ni lugha ya soko na ya Afrika Mashariki. Hayo ni kweli. Lakini kwa watu wa umri wa Nyanya, Kiswahili kilikuja kimevaa buti. Kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani: simama, lala chini, toa. Nilipomwambia nimechagua kusomea Kiswahili, alinyamaza kwa kitambo, akauliza kama nitakuwa askari. Anakielewa vizuri sana. Ila sijawahi kumsikia akikisema kwa hiari yake.

Nirudi kwa mdudu. Nilipokuwa na ukurasa wangu mzuri mkononi, bado nilikuwa na tamaa ile ya binamu yangu. Nikaanza kusoma jinsi spishi mpya inavyopewa jina, na kila nilichosoma kilipunguza tamaa hiyo kwa kipimo kidogo.

Majina ya wanyama kisayansi huhesabiwa kuanzia mwaka 1758, toleo la kumi la kitabu cha Msweden Carl Linnaeus. Tangu hapo mbawakawa waliokwisha kuelezwa wamefika takriban spishi 400,000, idadi ambayo ni karibu robo ya wanyama wote wanaojulikana na sayansi. Anayetaka kusema "huyu ni mpya" anapaswa kuonyesha kwamba si yeyote kati ya hao wanaomkaribia. Anachagua kielelezo kimoja, kinachoitwa holotaipu, mdudu mmoja halisi anayehifadhiwa kwenye makumbusho. Mara nyingi huwekewa kibandiko chekundu. Jina hukaa juu ya mdudu huyo mmoja milele. Wengine wote duniani wanalipata jina hilo kwa kufanana naye. Kisha maelezo yanachapishwa ili mtu mwingine, mahali pengine, aweze kuyasoma na kusema: ndiye, au siye. Nilicheka peke yangu maktabani. Ilikuwa ni kazi yetu ile ile ya utunzi, ila wao huiandika kwa miaka.

Nilisoma kuhusu kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia. Mwaka 2019 Mjerumani Alexander Riedel na Mwindonesia Raden Pramesa Narakusumo walieleza kwa pamoja spishi mpya 103 za fukusi wa jenasi ya Trigonopterus kutoka kisiwa hicho. Ni wadudu wa milimita chache wasioruka, wanaoishi msituni, na kwa kuwa hawaruki, wale wa mlima huu hawakutani na wale wa mlima ule. Kabla ya hapo ni spishi moja tu ya jenasi hiyo iliyokuwa imeelezwa kutoka Sulawesi, tena mwaka 1885. Spishi 103 zinahitaji majina 103, na waandishi hao waliishiwa: mmoja mdogo wa kijani walimwita yoda, kwa jina la kiumbe wa filamu, na wengine wakapewa majina ya wahusika wa vitabu vya katuni vya Kifaransa, Asterix na Obelix. Miaka sita kabla yake, katika kazi nyingine juu ya New Guinea, Riedel na wenzake walikuwa na spishi 101, na majina mengi waliyatoa katika kitabu cha simu cha jimbo la Papua. Nililipenda sana hilo la kitabu cha simu. Kuna mtu huko ambaye ukoo wake uko mgongoni mwa fukusi na hana habari.

Lakini kilichonigusa zaidi kilitoka karibu. Katika miaka ya 1964 na 1965 mwanasayansi William Block alikusanya sampuli za udongo na majani yaliyooza katika Afrika Mashariki. Sampuli hizo zilifika katika makumbusho ya historia asilia ya London. Humo ndani mlikuwa na mbawakawa kutoka Nairobi, mwenye urefu usiofika milimita moja, asiye na macho wala mabawa. Alikaa bila jina zaidi ya nusu karne baada ya kuokotwa. Mwaka 2019 Michael Darby alimweleza na kumpa jina Nelloptodes gretae, kwa heshima ya msichana wa Sweden, Greta Thunberg, anayetetea mazingira.

Sina ugomvi na Greta. Ila nilijiuliza huyo mdudu alikuwa nani katika ile miaka yote. Alikuwepo Nairobi, wazazi na watoto wake wapo pengine hata leo chini ya majani ya mtu fulani, na katika lugha hakuwepo. Hata sisi tuliokuwa juu yake hatukuwa na neno lake. Hapa West Nile kwenyewe, Emin Pasha alikaa kwenye kituo chake cha Wadelai kando ya Nile katika miaka ya 1880, na ngozi za ndege alizozikusanya katika jimbo lake zilisafiri hadi Ujerumani zikapewe majina. Mtu anaweza kukasirika kuhusu hayo, na wapo wenzangu darasani wanaokasirika vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa na swali dogo zaidi: je, maelezo yangu, ya Kiswahili, yaliyoandikwa kwa bati la kukwangulia na kofia ya mvua, yangeweza kumtambulisha mdudu wangu kwa mtu asiyemjua?

Nilipata jibu kwa afisa wa kilimo niliyekutana naye Koboko mwisho wa juma moja. Sikumwonyesha chupa. Nilimpa karatasi. Alisoma akiwa amesimama, mkono mmoja ukiwa bado kwenye usukani wa pikipiki yake. Alipofika karibu na mwisho alirudi juu, akasoma tena, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa umeandika nini?"

Nilisoma: "Nyuma hakuchongoka wala hakuviringika. Amekatika ghafla, karibu wima, kama kipande cha muwa kilichopigwa panga, na ukingo wa pale alipokatika una vinundu."

Akacheka kwa sauti. "Huyu ni dumuzi," alisema. "Unajua jina lake kamili? Prostephanus truncatus. Na unajua truncatus maana yake nini?" Sikujua. "Aliyekatwa," akasema.

Nilitoa chupa. Alimweka mdudu kwenye kiganja, akachukua lenzi yangu, akamwangalia nyuma kabla ya kumwangalia mbele. Akanieleza kwamba yupo mwingine anayefanana naye sana, Rhyzopertha dominica, ambaye pia huficha kichwa na pia hutoboa nafaka, lakini ni mwembamba kidogo na nyuma yake imeviringika. Ukikosea sehemu ya nyuma, umekosea mdudu. "Hakuna shaka," alisema, "ndiye."

Kwa hiyo hakuwa mpya. Alielezwa mwaka 1878 na Mmarekani aitwaye George Horn. Horn alimweka kwanza katika jenasi ya Dinoderus na baadaye akahamishwa. Ndiyo maana jina la Horn huandikwa ndani ya mabano baada ya jina la mdudu, kwani katika sayansi hii mabano hayo ni alama kwamba mtoto amebadilishiwa ukoo. Asili yake ni Amerika ya Kati na Mexico. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia Tanzania, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambuliwa katika mkoa wa Tabora. Mwaka 1984 alionekana Togo, upande wa pili wa bara. Kutoka sehemu hizo mbili akasambaa ndani ya magunia ya mahindi na muhogo mkavu, nchi kwa nchi. Watanzania walimwita dumuzi. Nchini Kenya wapo wakulima waliomwita Osama. Katika muhogo mkavu anaweza kumaliza zaidi ya nusu ya uzito ndani ya miezi michache, na si kwa kula tu, maana kingi anachokiharibu hakili. Anakitoboa na kukiacha unga. Katika miaka ya 1990 mbawakawa mwingine anayemla, Teretrius nigrescens, aliletwa kutoka huko huko Amerika na kuachiliwa Togo, Kenya na kwingineko ili amwandame.

Je, nilisikitika? Kidogo, kwa muda wa kunywa soda moja. Halafu nikaanza kuhisi kitu kingine ambacho sikukitarajia. Miaka 1878 mpaka leo ni mingi, na kati ya Horn na mimi hakuna kinachofanana, si lugha, si darubini, si karo. Yeye alimtazama mdudu na kuona kwamba jambo la kusema ni kule kukatika nyuma. Mimi nilimtazama karibu na dirisha la bweni nikaona hilo hilo, bila kujua kwamba lilikwisha kusemwa. Sikumpa mdudu jina, lakini jina lake niliandika kabla sijalijua. Siku hiyo niliondoka Koboko mjini nikitembea haraka kama mtu aliyelipwa.

Na Nyanya pia alikuwa amesema kweli. Hakuwepo kabla hawajakimbia. Wakati yeye anavuka kwenda Yei na mbegu zake kitambaani, dumuzi alikuwa ndiyo kwanza anatambulikana Tabora. Kosa lilikuwa la binamu yangu na langu, la kudhani kwamba "simjui" na "hajulikani" ni neno moja. Nyanya alisema la kwanza tu. Hakuwahi kusema la pili.

Jioni ile nilimkuta uani, anatandaza muhogo uliobaki kwenye turubai. Alikuwa ameyakung'uta magunia yote na kuyachemsha, amefagia chumba, amechoma takataka, na ule muhogo mzima ameutenga mbali na uliotobolewa. Yote hayo aliyafanya kwa akili yake kabla afisa hajaniambia nimwambie afanye hayo. Nilimweleza jina. Alilijaribu mara moja, dumuzi, akatikisa kichwa. Yeye alikuwa amekwisha kumpa jina lake kwa Kikakwa, ambalo maana yake ni msagaji wa usiku, kwa sababu kukiwa kimya ukiweka sikio kwenye gunia unamsikia.

Nikamwomba nimsomee nilichoandika. Nilianza kutafsiri, nikaona tafsiri inaanguka njiani, nikaacha. Nikamsomea kwa Kiswahili chenyewe, polepole, huku nikimwangalia usoni kama nitaona vile vizuizi vya barabarani. Aliendelea kutandaza muhogo. Kwenye bati la misumari alitabasamu. Kwenye kipande cha muwa alisimamisha mkono. Nilipomaliza akanijibu, na alijibu kwa Kiswahili, cha zamani na kizito, "Umesahau unga."

Nilimwambia unga si sehemu ya mwili wa mdudu, nami nimeagizwa kueleza mdudu.

"Nani atamwona mdudu?" aliuliza. "Yumo ndani. Mtu ataona unga kwanza, chini ya gunia, mweupe, laini, kama umeanguka kutoka kwenye chekecheke. Halafu ataona matundu, ya duara, safi, kama ya msumari. Akipasua kipande ndipo atamwona. Wewe umeanza na kichwa ambacho hata hakionekani."

Nilikwenda ndani nikachukua kalamu. Nikaandika upya juu kabisa ya ukurasa: "Utaona unga kabla ya kumwona yeye. Utakuwa chini ya gunia, mweupe na laini, mahali ambapo hakuna aliyesaga. Juu ya vipande kutakuwa na matundu ya duara, safi, kama ya msumari. Pasua kipande kimoja. Mdudu utakayemkuta ndani ana urefu wa milimita nne hivi, rangi ya kahawia iliyoiva, mwili kama kipande cha kalamu ya risasi, na ukimtazama kutoka juu, hana kichwa."

Nilipokuwa nikimsomea Nyanya mara ya pili aliingia jirani yetu, mzee aliyetoka ng'ambo ya Oraba, Sudan Kusini, wakati wa vita vya 2016, na ambaye Kikakwa chake na chetu hukutana vizuri ila hupenda kunijaribu kwa Kiswahili. Alikuwa amenunua muhogo mkavu sokoni mwezi uliopita, magunia matatu. Akaketi kwenye kinu kilicholazwa, akasikiliza. Nyanya akaniashiria nianze tena kutoka mwanzo. Nikaanza. Sijafika kwenye matundu, mzee akasimama, akauliza, "Unga mweupe, laini?" na bila kungoja nijibu akatoka kwenda kwake kutazama chini ya magunia yake.